Masikio ya Riziki

Usiku ule nililala na hasira ya kadi za rangi, na nadhani hasira hiyo ndiyo iliyomfungulia Bibi mlango.

Nieleze kwanza habari ya kadi. Mume wangu Karim ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, duka aliloachiwa na babu yake aliyekuja kijana kutoka Bara Hindi. Mimi ni mtu wa Pangani, rangi yangu maji ya kunde, na ninaishi kwa kuandika makala kuhusu mambo ambayo wenzangu wanayafanya. Mtoto wetu Riziki tulimchukua kwenye kituo cha watoto akiwa ameshaanza kusema. Ni mweusi tii, weusi ule unaong'aa mabegani mtu anapotoka kuoga. Shuleni huwa wanachora familia zao. Riziki hunipaka mimi kahawia, humpaka baba yake rangi ya chai ya maziwa, halafu yeye mwenyewe hujiacha mtupu: mstari wa penseli tu, na ndani yake karatasi. Mwalimu wake alidhani ni uvivu wa kumaliza kazi. Mimi niliogopa jingine, kwamba mtoto anajiona mpita njia aliyesimama karibu na watu wawili wakati wakipigwa picha.

Nimeandika si haba kuhusu utambulisho. Nimealikwa kuuzungumzia ukumbini, nikapewa na maji ya chupa. Kwa hiyo nilikuwa na mpango. Karim alileta nyumbani kadi za rangi za ukuta, zile ambazo wateja huzitumia kuchagua rangi ya sebule, tukazitandaza mezani kila mtu ajitafute. Karim alijipata upesi, kwenye rangi inayopakwa korido za ofisi. Mimi nilijipata kwenye rangi ya milango. Tukacheka sana. Riziki akapitia kadi moja baada ya nyingine, taratibu, akiweka mkono wake juu ya kila moja, mpaka zikaisha. Watu hawapaki kuta zao rangi ile. Mzazi mmoja msomi, mwingine muuza rangi, na hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Mtoto akaiondoa mikono yake mezani, akaikalia.

Basi, nikalala.

Niko sebuleni, ni mchana, na Bibi Mwanaidi amekaa kwenye kiti cha Karim. Ni mama yake mama yangu. Alifariki nikiwa chuo kikuu. Alikuwa akitia rangi ukindu wa kusukia mikeka, na vidole vyake vilikuwa vya zambarau mpaka siku tulipomzika. Sasa vilikuwa safi. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Nikatazama miguu yake, maana kwetu tumekua tukiambiwa kwamba jini akivaa sura ya mtu hukosea miguu. Ilikuwa miguu ya Bibi, na mpasuko ule ule kisiginoni. Sikuridhika. Nikamwamkia, naye akaitika marahaba kama mtu anayelitafuta neno mfukoni.

"Mke mwenzangu," akasema, kwa utani wa bibi na mjukuu, "yuko wapi mgeni?"

Nikamjibu kwamba nyumba hii haina mgeni.

Nilijua alichofuata. Kwetu mtoto huzaliwa mwekundu, na uso wake haukwambii kitu. Rangi yake ya kweli hutazamwa masikioni, kwenye ukingo wa juu. Mtazamaji wa mtaa wetu alikuwa Bibi. Alikiinamia kila kichanga, akalikunja sikio kwa kidole chake cha zambarau, halafu akasema, "Wetu huyu," na wanawake wakapiga vigelegele. Mara moja tu hakusema. Alitazama, akamfunika mtoto, akaomba chai. Mama wa mtoto yule alilia mpaka jioni, na mtaa mzima ukapata la kuzungumza. Riziki alikuja kwetu akitembea, na viatu miguuni. Hakuna aliyemkunja sikio. Na sasa Bibi ametoka huko aliko kuja kumalizia kazi.

Sebule imekuwa ua wa Pangani. Ukindu umeanikwa kwenye kamba, sufuria inachemka juu ya mafiga, na Riziki yuko nyuma ya gauni langu, ameshika pindo. Bibi anachota kitu kwenye sufuria, ananinyooshea bakuli. Ndani mna kitu kizito cheusi kinachofuka mvuke. Kila mtu wa kwetu anajua: marehemu akikupa chakula ndotoni, hupokei. Nikaficha mikono nyuma.

"Si uji," akasema. "Umesoma mpaka umekuwa mwoga."

Nikamwambia kwamba uoga nilikuwa nao tangu zamani, chuo kilinifundisha tu kuupamba. Hakucheka. Wafu hawachekeshwi na vichekesho vyangu. Katika hilo wanafanana na wahariri.

Ua ukawa baraza ya kituo cha watoto, lile benchi la kijani, vile vikombe vya plastiki vilivyopangwa dirishani. Sufuria iko pale pale, inachemka. Karim anapita na brashi, anapaka ukuta rangi ya korido, hatuoni. Bibi hamwiti mtoto kwa jina. Anapiga goti lake tu, kama wanavyoitwa watoto wote, na Riziki, msaliti mdogo, anaachia pindo langu, anakwenda kukaa.

Nakimbia. Nayafunika masikio yake kwa viganja vyangu, na tunabaki hivyo, kichwa cha mtoto katikati, mimi upande huu, Bibi upande ule. Namwambia hatamtazama. Namwambia mtoto huyu ni wetu tayari, mahakama imeshasema, na sihitaji cheti kingine kutoka kaburini. Najisikia nikizungumza kama makala, aya ya mwisho kabisa, ile ninayoiandika nikiwa nimechoka.

Bibi anaishika kanga yake kichwani, anaishusha.

Maisha yangu yote sikuwahi kuyaona masikio ya Bibi. Kanga ilipanda kichwani kabla hatujaamka na ikashuka tukiwa tumelala. Sasa iko mabegani, na yeye amenigeuzia shavu, ametulia kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kwenda madrasa. Ni masikio madogo, ya kizee. Ukingo wake ni mweusi tii.

"Na mimi nililetwa natembea," akasema. "Hakuna aliyenitazama. Yule mtoto niliyemnyamazia alikuwa nayo kama haya yangu. Nikashindwa kusema."

Kwanza nilidhani ni mtego. Nilingoja ageuke, anishike mkono, afanye lile wanalolifanya majini. Hakugeuka. Alikuwa bado ananingoja, shavu kando. Ndipo nikaiondoa mikono kwenye kichwa cha mwanangu, nikainama, nikaukunja ukingo wa sikio la Bibi. Lilikuwa na joto. Nikasema maneno yake mwenyewe.

"Wetu huyu."

Akashusha pumzi ndefu. Halafu akachovya kidole kwenye bakuli, akampitishia Riziki juu ya sikio, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Rangi haikuonekana. Ilikuwa ni ile ile ya ngozi yake. Kidole tu ndicho kilichobaki na rangi, na ndipo nilipoamini kwamba ni yeye.

"Mwambie aanzie hapa," akasema. "Uso utafuata."

Nikaamka. Jua lilikuwa dirishani na Karim alikuwa akipiga mswaki kwa kelele zake.

Naishuku ndoto ile mpaka leo. Imekaa vizuri mno, kama kitu ambacho ningekibuni gazeti likinidai makala. Sijampigia mama kumuuliza kama kweli Bibi aliletwa. Akisema ndiyo nitaogopa, na akisema hapana nitasikitika. Lakini nilipewa ujumbe niupeleke, nikaupeleka.

Riziki alikuwa mezani na chai na andazi. Nikamwomba nimtazame sikio. Akanikodolea macho ya shaka, shaka aliyojifunza kwangu, akauliza natafuta nini. Nikamweleza kwamba kwetu mtu akifika hutazamwa masikio, na yeye tulimsahau. Akatafuna kwanza. Kisha akageuza shavu. Nikaukunja ukingo, nikatazama kwa muda wote uliostahili, nikasema maneno yale. Akadai kuyatazama yangu, akamwita baba yake naye akaguliwe ya kwake, povu la dawa ya meno likiwa bado mdomoni.

Halafu akaleta rangi zake za maji. Akachanganya nyeusi na kahawia, akatia nyekundu kidogo, akanipa brashi nimjaribishie sikioni. Bado. Akaongeza nyeusi. Bado. Akaongeza tena, na mara hii niliyoipaka haikuonekana. Akachukua mchoro wake wa familia, na kwenye yule msichana mtupu akapaka sikio moja, basi, akaweka brashi chini. Gari la shule lilikuwa linapiga honi.

"Uso jioni," akasema.

Sikuwa nimemwambia habari ya uso. Nikainama, nikatazama miguu yake. Kiatu cha kushoto kilikuwa kulia, na cha kulia kushoto, kama kila asubuhi.