Mashine Isiyo na Skrubu

Kila mtaa una mtu anayejua kila kitu, na kwa kawaida mtu huyo ni mwanamume aliyeketi. Mtaa huu ulikuwa na mwanamke, tena anayetembea. Walimwita Bibi Kadi.

Jina alilitoa kazini. Ujana wake na utu uzima wake aliuacha katika idara ya bili za maji, kwenye chumba kisicho na dirisha, akitoboa kadi. Kijana wa leo ukimtajia kadi anadhani ni ya harusi, au refa kakasirika. Za Bibi Kadi zilikuwa vipande vya karatasi ngumu: unagonga kibodi, mashine inatoboa vitundu, kisha kompyuta yenye ukubwa wa chumba cha kulala inavisoma vitundu hivyo kama kipofu asomavyo kwa vidole.

"Kompyuta zetu zilikuwa na mwili mkubwa na akili ndogo," alipenda kusema, "na tulizivulia viatu. Za leo zina akili za kutisha, na watu wanazikalia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali."

Hayo yalikuwa maoni yake mepesi. Mazito alikuwa nayo pia, na hakuwa mchoyo. Historia, kwa maoni yake, ni nakala za akiba tu. Falme zilizosahaulika hazikuwa za wapumbavu. Hazikuhifadhi mahali pawili, basi. Kompyuta nayo haikuzaliwa na wanahesabu, ilizaliwa na wafuma nguo, maana mitambo ya kufumia ndiyo ya kwanza kupokea amri kwa kadi zenye matundu, uzi huu upande, ule ushuke. Kwa hiyo mtu akijigamba mbele yake kwamba amesomea kompyuta, Bibi Kadi alimtazama shati kwanza.

Lakini oni lake kuu lilihusu watu wawili. Kule idarani, kadi haikuaminiwa kwa sababu imetobolewa. Mmoja alitoboa, kisha wa pili, aliyeitwa mhakiki, alipewa karatasi ileile na kugonga yaleyale upya. Tarakimu moja ikitofautiana, mashine inagoma na taa inawaka. Hapo mnaitana, mnabishana, mnaitazama karatasi, na mmoja wenu anameza mate.

"Sayansi si kujua," alisema. "Wajuaji wamejaa mpaka kwenye foleni ya choo. Sayansi ni kuwa na mtu wa pili anayegonga upya ulichogonga wewe, na hakuogopi."

Nyumbani, mtu wa pili alikuwa mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, aliyeamini tu kile anachokiona kwenye kioo cha pembeni. Mzee huyo hakukubali kwamba binadamu aliwahi kukanyaga mwezi.

"Mimi nimeendesha miaka yote," alikuwa akisema huku akivua soksi. "Njia isiyo na kituo cha mafuta haifikishi mtu."

"Kule hakuna upepo wa kukurudisha nyuma, mume wangu. Ukisukumwa mara moja unakwenda mwenyewe."

"Gari lisilokunywa mafuta? Niletee moja niache kubisha."

"Walishuka mara sita!"

"Ndiyo nikuambie. Mkweli husema mara moja."

Ungewasikia kutoka barabarani ungedhani nyumba inavunjika. Kumbe ndiyo kwanza matofali yalikuwa yanapangwa. Waliubisha mwezi huo mpaka mvi zikawakuta mezani, na hakuna aliyeshinda. Halafu mume akatangulia mbele ya haki, na mwezi ukabaki bila mpinzani.

Sasa hebu fikiria mwanamke mwenye maoni mengi namna hiyo ndani ya chumba chenye viti viwili, kimoja sponji yake imebonyea umbo la mtu asiyekuwepo. Bibi Kadi hakukikalia kiti hicho. Hakukitoa pia. Alifua nguo chache, akaosha sahani moja, akaifuta, akairudisha juu ya zenzake ambazo hazikuwa zimeguswa. Mchana alisoma habari za darubini na za vimelea kwenye laptopu yake kuukuu, akainua kichwa kusema, "Umesikia hii?" Kisha akakishusha.

Mwanawe wa pekee, mhasibu katika mji wa mbali, alimwekea kwenye simu programu ya kuongea, ile ya kuuliza na kujibiwa. Bibi Kadi aliipenda siku ya kwanza kama mtoto apendavyo puto. Siku ya pili aliiambia kwamba historia ni nakala za akiba. Ikamjibu kuwa hilo ni wazo zuri sana. Akangoja kidogo, akaiambia kinyume chake, kwamba historia ni yale yaliyofutwa. Ikamjibu kuwa hilo nalo ni wazo zuri sana, na kwamba ana jicho la pekee. Akaifunga.

"Asiyekubishia si mwenzako," aliziambia zile sahani. "Ni kioo."

Kisha laptopu ikaharibika, na hapo ndipo kheri ilipoanzia. Kibodi iligoma kuandika. Akaipeleka kwa fundi wa simu na kompyuta, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vioo. Fundi alikuwa bwana wa makamo, anavaa taa kichwani kama mchimba madini, na ulimi wake ulikuwa na makali kuliko wembe wa jirani yake. Mbele ya meza yake palikuwa na benchi moja na juu yake kibao alichokiandika mwenyewe kwa hasira, baada ya wachambuzi wa mpira kulikalia mpaka wateja wakakosa pa kusimama: BENCHI NI LA WENYE VIFAA.

Bibi Kadi aliketi kwa haki, kifaa anacho. Fundi alipofungua skrubu za mgongoni, bibi akamweleza habari ya wafuma nguo.

"Nani kakudanganya, bibi?" fundi akasema bila kuinua taa. "Kompyuta ni mtoto wa vita. Walitaka kujua kombora litaangukia wapi. Hakuna mtu aliyetengeneza kompyuta kwa ajili ya shuka."

Bibi Kadi akahisi kitu kinawaka kifuani kama ile taa ya mhakiki. Walibishana mpaka kinyozi akaja kusikiliza na mteja wake nusu kichwa. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo, utepe wa waya wa kibodi umechomoka kwenye kishikizo chake. Fundi aliurudisha kwa kucha. Bibi akarudi nyumbani, akagundua amesahau kununua mkate, na hakujali hata chembe.

Wiki iliyofuata laptopu ikaharibika tena. Tuseme ilisaidiwa kuharibika. Bibi Kadi alitandaza taulo mezani, akachukua bisibisi ya marehemu, akafungua skrubu moja moja, akainua kishikizo taratibu na kuuvuta ule utepe nje. Hakukwaruza kitu. Mtu aliyelelewa na mashine hawezi kuiumiza mashine. Hii aliiona kama kumwambia mtoto ajifanye mgonjwa asiende shule. Akaifunga, akajipaka mafuta, akabeba kifaa chake kibovu hadi benchini, ambako siku hiyo fundi alidai kwamba sifuri si namba.

Ikawa ndiyo desturi. Mara kibodi, mara kipanya, mara feni inapiga kelele kwa sababu kipande cha karatasi kimeingia, kimeingiaje Mungu anajua. Fundi alitengeneza, akabisha, akamwambia aende salama.

Aliyeharibu mambo ni mtoto mwema. Watoto wabaya hawana muda wa kuharibu. Mhasibu alikuwa akimpigia mama yake simu, na kila akiuliza habari ya mashine anaambiwa iko kwa fundi. Mwana akapiga hesabu, ndiyo kazi yake, na hesabu ikamwambia mama anaibiwa. Akaja likizo na sanduku jeupe chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na laptopu mpya, nyembamba kama sahani ya chai.

"Hii haiharibiki, mama."

Bibi Kadi aliigeuza. Mgongo wake ulikuwa laini kama yai. "Skrubu ziko wapi?"

"Hazipo. Wameibana na gundi. Haifunguki."

"Kila kitu huharibika, mwanangu. Hata jua litaisha."

"Basi hii itaharibika baada yako," mwana akasema akicheka. Kicheko kikafika katikati ya chumba, kikaona viti viwili, kikakaa kimya.

"Ile ya zamani?"

"Nimeshaipeleka kwa wanaokusanya vyuma chakavu, usihangaike. Na yule fundi wako nimempitia. Nimemwambia mbele ya watu kwamba kumla pesa mama mzee kila wiki kwa waya uleule ni wizi, na asikuguse tena."

Bibi Kadi alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini. "Yeye kasema nini?"

"Kasema, 'Sawa, bosi.' Mwizi atasema nini tena?"

Angemwambiaje? Kwamba mama yako, aliyekusomesha kwa kadi, anaichomoa waya mashine nzima apate mtu wa kumwambia si kweli? Mwana angeumia, halafu angetafuta suluhisho, na masuluhisho yake yalikuwa yanatisha. Akamnyooshea nguo, akampikia, akamsindikiza kituoni, akampungia mkono mpaka basi likakata kona.

Siku zilizofuata mashine mpya ilifanya kazi bila kukohoa. Bibi Kadi alisoma habari za nyota mbili zinazozungukana bila kugusana, akaifunga. Asubuhi moja alijaza glasi ya maji, akaishika juu ya kibodi ile inayong'aa. Angemwaga, ungekuwa ugonjwa wa haki. Mkono haukupinda. Akayanywa yale maji. Alipokwenda dukani alipita upande wa pili wa barabara, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi, na kwa pembe ya jicho aliona benchi limekaliwa na mtu mmoja tu, mgeni, na fundi ameinamia meza yake hasemi na mtu. Mlangoni kwa kinyozi wawili walikuwa wanamsengenya. Hilo lilimchoma kuliko upweke. Upweke alikuwa ameshauzoea, una kiti chake nyumbani. Jina la mwizi, mwenzake alilivaa kwa ajili yake.

Kurudi benchini maana yake ni kusema kweli, na aliyesema kweli kwamba hana kifaa kibovu hana pa kukaa. Alilipima hilo mchana mzima. Siku ya pili akaifunga laptopu mpya kwenye taulo, akavuka barabara.

Fundi aliinua kichwa. Taa ikammulika usoni, akaizima.

"Karibu, bibi. Mwanao kasema nisikuguse."

"Usiniguse, nisikilize." Alisema kwa sauti ya kumfikia kinyozi, na wembe wa kinyozi ukasimama hewani. "Huyu fundi hajaniibia. Ule waya nilikuwa nauchomoa mwenyewe."

Fundi alikuna kidevu. "Najua."

"Unajua nini?"

"Kishikizo hakijiinui, bibi. Waya uliochomoka kwa bahati mbaya huwa umekunjika. Wako ulikuwa umenyooka kama umepigwa pasi."

"Tangu lini umejua?"

"Mara ya pili."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekuja na nini?"

Bibi Kadi akatazama taulo lake. Kwenye duka la vioo mtu alikuwa anakata kioo, na mlio ule mwembamba ukapita kati yao.

"Nitampigia mwanangu nimweleze akuombe radhi."

"Usimpigie. Atakununulia na benchi."

Hapo Bibi Kadi alicheka, kicheko kilichotoka na kutu. Kisha akafungua taulo, kwa kuwa kweli ikianza haina haja ya kuvua nusu. "Leo sina kifaa kibovu. Hii ni nzima. Haina hata pa kufungulia."

Fundi aliipokea, akaigeuza, akapitisha kucha pembeni akitafuta mwanya. Hakuupata. Akaiwasha, ikawaka kwa adabu. Akamrudishia.

"Ina nini?"

"Inakubali kila ninachosema."

"Hilo sina dawa yake." Alitazama kibao chake, akamtazama bibi. "Kibao kinasema wenye vifaa. Hicho mkononi si mwiko wa ugali. Keti."

Akaketi. Fundi akainamia simu aliyokuwa ameibomoa, akawasha taa, akafanya kazi kidogo. Halafu, bila kuinua uso, akasema, "Ila bibi, mwezini hawakwenda."

Bibi Kadi aligeuka polepole. Alimkumbuka fundi huyuhuyu, kwenye benchi hilihili, akimhesabia wale walioshuka mmoja mmoja na kumcheka marehemu dereva. Alijua anamdanganya. Alimwona hata shingo inavyojikaza kuubeba uongo huo. Lakini yeye naye alikuwa amemletea uongo mwingi uliofungwa kwenye taulo, naye akauhudumia wote kwa heshima.

"Hawakwendaje?" akauliza taratibu.

"Njia nzima haina kituo cha mafuta."

Kifuani taa ikawaka. Ikawaka na kuuma, maana maneno yalikuwa yaleyale na sauti haikuwa ile. Bibi Kadi alivuta pumzi kujibu habari ya upepo usiokuwepo, na mdomo ulikuwa umeshafunguka pale mama mmoja alipoingia na simu iliyopasuka, na nyuma yake jamaa mwenye redio, na nyuma yake mwingine.

"Subiri hapo, bibi," fundi akasema. "Niwamalize hawa."

Akasogea ukingoni, wakajibana naye benchini, kila mtu na ubovu wake mapajani. Bibi Kadi akaikumbatia mashine yake nzima, jibu likiwa limemjaa mdomoni, akingoja zamu yake kama mteja mwingine yeyote.