Tambi za Miguu

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sijapata kulionea haya jambo hilo. Glasi yangu hainywewi na mtu mwengine. Nikialikwa harusini natazama kwanza kucha za anayepakua, na mara nyingi narudi kwangu Ansab na njaa yangu, nikanywa chai kwa mkate. Mwenyewe nasema ni usafi. Wanangu wana neno lao jengine, wakidhani sisikii.

Kwa hivyo mdogo wangu aliponialika kwenye matembezi yake ya mji wa kale wa Matrah nilijua toka mwanzo kuwa nitachukizwa. Nilikwenda kwa sababu ya nyumba. Mama yetu alituachia watatu nyumba yake iliyo katika vichochoro vya nyuma ya soko: mimi, kaka yetu wa Bawshar, na huyu mdogo, ambaye aliishi humo na Mama mpaka Mama akafariki, na bado anaishi humo. Kaka alikuwa keshapata mfanyabiashara wa sokoni aliyetaka kuikodi iwe ghala la mazulia. Mdogo wangu alitaka kubaki, maana ndani ya nyumba hiyo amejianzishia kazi. Asubuhi anawatembeza wageni mjini kwa miguu, kisha anawaingiza jikoni kwa Mama kuwafundisha kutengeneza tambi za Kijapani. Alisoma Japani, akafanya kazi huko miaka mingi, akarudi hana mume wala mtoto, ana kisu kipana na ujuzi wa tambi.

Kaka alinitupia mzigo wote. "Wewe ndo mkubwa," alinambia. "Utalosema, mie nnalifuata." Na mdogo wangu akasema, "Dada, usikatae hujaona. Njoo siku moja tu, kisha useme." Ningekataa, angehamia Bawshar kwa kaka, chumba cha pembeni, kwa wifi yetu. Na wawili hao hawaivi chungu kimoja.

Wageni siku hiyo walikuwa watatu. Mume na mke wa Kijerumani, wastaafu, wamevaa viatu vya kupandia milima, na msichana wa Kiomani mwanafunzi wa chuo, abaya lake la kijivu, simu haimtoki mkononi. Mimi nilikuwa wa nne, nimejitenga nyuma kidogo ili mtu asinihesabu pamoja nao.

Tulianzia soko la samaki. Mimi samaki naletewa nyumbani keshasafishwa, keshakatwa, ndani ya mfuko, na sioni sababu ya kujua zaidi ya hapo. Pale chini palikuwa maji mekundu, na jodari mkubwa amelazwa mezani anapasuliwa, na paka wanangoja chini yake. Mjerumani aliinama akatia pua yake karibu na mashavu ya samaki, akavuta pumzi, akafurahi. Mdogo wangu akabonyeza jicho la samaki kwa kidole kuwaonesha namna ya kumjua aliye mbichi, kisha kwa kidole hicho hicho akarekebisha mtandio wake. Nilitazama pengine. Ncha ya abaya langu ilikuwa imeshalowa, na nilijua nikifika nyumbani nitalifua mara mbili.

Halafu akanunua dagaa wakavu, mfuko mzima. Watu wa nchi hii tokea hapo dagaa hao wanawalisha ng'ombe na ngamia. Nilimuuliza kwa sauti ya chini anafuga nini. Akasema ndiyo mchuzi wa tambi, na Japani pia wanafanya hivyo.

"Wageni wametoka Ulaya kuja kula chakula cha ngamia?" nikamwambia.

"Dada, hebu nyamaza."

Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikajisemea, waache wale. Lakini vichochoroni likanikuta baya zaidi ya dagaa. Mdogo wangu alikuwa akisimama kila kona na kuwasimulia habari za Mama. Jinsi alivyokuja kutoka Unguja bado kijana, hajui Kiarabu ila cha kusalia, jinsi majirani walivyomcheka alipokwenda dukani akaonesha kitu kwa kidole kama bubu. Mambo ya ndani kayaanika barabarani kama nguo za kufua, na yule bibi wa Kijerumani anatikisa kichwa kwa huruma. Nilihisi uso unaniwaka. Ili nisisikie nikapitiliza mbele kwenye maduka, na kijana mmoja wa duka la mashali, ambaye huenda babu yake alimuuzia Mama vitambaa, akaniita kwa Kiingereza, "Madam, madam, karibu, bei nzuri!" Kanidhania mtalii! Nilimjibu kwa Kiarabu cha hapa hapa, kikali, na kijana akarudi ndani.

Tukafika nyumbani. Sikuwa nimeingia jikoni mle tangu matanga. Palikuwa safi, hilo nalikiri, na hata mimi sikupata pa kutia kidole. Mdogo wangu akawagawia wageni aproni, akachanganya unga, maji na chumvi, wakakanda. Ukawa donge gumu ajabu, si unga wa chapati ule unaoitika mkononi. Mjerumani alikanda mpaka jasho likamtoka kipajini, nami nikalifuata tone moja kwa macho mpaka likadondoka, alhamdulillahi, pembeni ya sinia. Nikadhani kinyaa changu kimefika mwisho wake.

Mdogo wangu akalitia donge ndani ya mfuko mzito wa nailoni, akatandika mkeka mpya sakafuni, akaweka mfuko juu yake. Kisha akawagawia wageni soksi mpya, akawaambia wavue viatu.

Unga huu, akaeleza, mikono haiuwezi. Kule unakotoka unakanyagwa. Uzito wa mtu ndio unaozipa tambi nguvu, zikivutwa zisikatike.

Hapa lazima niseme sisi tulilelewa vipi. Chakula kwetu ni neema, na neema haikanyagwi. Kipande cha mkate kikianguka tunakiokota, tunakibusu, tunakiweka juu ya ukuta ndege wakile. Nilipokuwa mtoto nilikiruka kipande cha mkate katika nyumba ile ile, sikukikanyaga, nilikiruka tu, na Mama akanizaba kofi ambalo shavu langu bado linalijua. Na sasa mwanawe anasimama na soksi juu ya unga, katika jiko la Mama, anapiga hatua ndogo ndogo, kisigino baada ya kisigino, anatabasamu.

"Unakanyaga neema?" Sauti ilinitoka kubwa. "Humu? Jikoni kwa Mama?"

"Umo ndani ya mfuko, Dada. Na soksi mpya, nimezitoa sasa hivi."

"Hata ungekuwa ndani ya sanduku la chuma!"

Bibi wa Kijerumani akauliza nimesema nini. Mdogo wangu akamwambia nimeuliza kama soksi ni safi. Bibi akanihakikishia kwa ishara kuwa ni safi kabisa, akanioneshea na za mumewe. Mumewe alikuwa bado anavua zake za safari, nami nikaiona miguu yake kabla hajaistiri: myeupe, imevimba kwa matembezi, kucha nene za manjano. Akavaa soksi mpya akapanda juu ya mfuko. Nikausikia unga ukibonyea chini yake, na mate yakanijaa mdomoni. Yule msichana wa chuo ndiye aliyenimaliza. Binti wa watu, kalelewa kama sisi, kashika abaya lake kwa mkono mmoja na simu kwa mwengine, akasema "Bismillahi" na akakanyaga. Kwa furaha. Bismillahi!

Nikatoka uani. Nikatoa simu nimpigie kaka nimwambie akodishe, amwite mtu wa mazulia leo leo. Mazulia angalau yameumbwa yakanyagwe. Simu ikaita, hakupokea. Nilipokuwa natafuta namba nipige tena, mdogo wangu akatokea mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko.

"Unampigia kaka?"

"Nnampigia. Nshaona, na nshasema."

Aliuegemea mlango, akatazama ndani kuhakikisha wageni wanaendelea, kisha akasema, "Mama alikuwa akikanyaga."

Nikafyonya. "Usimsingizie marehemu."

"Wallahi. Ule mkono ulipokufa." Alikuwa anasema kile kiharusi cha Mama, kilichomwachia mkono mmoja unaning'inia. "Unajua alivokuwa. Chapati hawezi, maandazi hawezi, nazi hawezi kukuna. Anakaa kitini pale mlangoni ananitazama mie napika, analia bila sauti. Siku moja kaniona nnakanyaga, kanambia hebu ninyanyue. Kashika nondo za dirisha kwa mkono mzima, mie nimemshika kiuno. Mara ya kwanza alisema astaghfirullah kila mguu. Mara ya tatu ananambia mie nnakanyaga ovyo, nimpishe."

Nilimwona Mama, nguo imekunjwa juu ya vifundo, visigino vyake vilivyopasuka, na hina ya Idi iliyokwisha kufifia. Nilimwona, na kinyaa kikanishika, kwa Mama yangu mwenyewe. Sitasema uongo.

"Na nani alizila tambi hizo?" nikauliza.

Akanitazama. "Wewe. Kila Ijumaa."

Zile tambi nene, nyeupe, alizokuwa akizipika mdogo wangu kwa mchuzi wa nazi na samaki changu! Waliniambia ni za dukani, zinaletwa kwa meli. Nilikuwa nikila sahani mbili. Nilikuwa nikifungiwa nyengine kwenye bakuli naenda nazo Ansab, nawaambia wanangu waonje chakula, waache upuuzi wao wa kuagizia kwa simu. Na Mama amekaa kitini pake ananitazama nakula, anaridhika, mimi nadhani ni raha ya kuniona.

"Kwa nini hamkunambia?"

"Mie nlitaka. Mama akakataa." Aliifuta mikono kwenye aproni ingawa haikufutika. "Alisema, 'Akijua atatapika, na akitapika hatokuja tena Ijumaa. Mwache ale.'"

Nilitaka kukasirika. Nimezoea, hasira kwangu iko karibu. Lakini nilikuwa nafikiri lile neno, hatokuja, na kuwa Mama alinipima, mimi mwanawe mkubwa, kinyaa upande mmoja na yeye upande mwengine, akajua mzani utaelemea wapi. Nilitafuta ndani yangu niseme alikosea. Sikupata. Ningetafuta udhuru. Ningesema barabara ya Matrah imejaa magari, nitakuja wiki ijayo.

Simu ikalia mkononi, kaka anarudisha. "Vipi? Nimwambie mtu wa mazulia aje?"

"Mwambie atafute pengine."

"Alaa! Umeipenda kazi yenyewe?"

"Sijaipenda. Nimechukia kuanzia samaki mpaka soksi. Mwambie atafute pengine, nyumba ina mtu."

Mdogo wangu alijifunika uso kwa mtandio, akarudi ndani haraka kwa sababu maji yalikuwa yanafurika jikoni. Nilibaki uani mpaka aliponiita. Walikuwa wameshakata, wameshachemsha, na bakuli limewekwa mbele ya kiti kitupu: tambi nyeupe ndani ya mchuzi wa dagaa, vitunguu vya majani juu. Nilikaa baina ya bibi wa Kijerumani na yule msichana. Nikasema bismillahi kwa sauti, nikala. Kila uzi niliusukuma kwa maji. Nilikuwa naona soksi, kucha za manjano, jasho, jicho la samaki, vyote vinateremka pamoja. Nilimaliza bakuli lote, nikalisukuma mbele, nikaziba mdomo kwa leso.

Mdogo wangu akanisogelea na kijiko cha kupakulia. "Nikuongeze, Dada?"

"Toka na uchafu wako," nikamwambia. "Ijumaa nnakuja."