Soma Umri Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya kule Manzese, nilipewa koti la mtu aliyestaafu, hadubini ya jicho moja na kaunta ya vitufe ya kuhesabia chembe nyeupe za damu. Mkuu wa Maabara, baba mmoja mkali asiyependa kukaa, aliniwekea kioo chenye damu, nikaanza kuhesabu hapohapo. Akazima taa ya hadubini.

"Editha, huyu ana umri gani?"

"Sijaangalia, mzee."

"Sasa unahesabu nini? Soma umri kwanza."

Nilinuna siku nzima. Nilikuwa nimetoka chuoni, najiona najua.

Nyie mnaoanza leo mnanicheka nikisema tulihesabu chembe mia kwa macho, moja moja. Chekeni. Nilipohamishiwa hospitali moja upande wa Temeke, jina silitaji, mashine ilikuwa imeshafika. Unaingiza damu, inatoa karatasi, na kando ya kila hesabu pana kiwango cha kawaida. Raha tupu. Kiwango chenyewe kilikuwa cha mtu mzima, na hakuna aliyekibadilisha, mie nikiwemo.

Ndipo akaja Somoe na mwanawe Hamisi, miezi mitano. Mtoto alikuwa na utando mweupe mdomoni, kuhara kusikoisha na kikohozi. Begani, kidonda cha chanjo ya kifua kikuu, ambacho kwa wenzake hupona kikaacha kovu, kwake kilizidi kuchimba. Kipimo cha Ukimwi kilishafanywa mara mbili, hakuna kitu. Hata hivyo mume wa Somoe, Bakari, mchonga vinyago, alikuwa amerudi kwa mama yake akisema mke kamletea maradhi.

"Shikamoo mama. Mie sina ugonjwa, nipimeni hata kila siku. Ila mtoto ananiishia mikononi."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo."

Mashine ikapima limfosaiti, zile chembe nyeupe zinazopambana na maradhi, ikaandika: kawaida. Sijui kwa nini siku ile yule mzee wa Manzese alinijia kichwani. Nikasoma umri. Mtoto mchanga anatakiwa awe na limfosaiti nyingi kuliko mimi na wewe, na kiasi kinachomtosha mtu mzima, kwa Hamisi kilikuwa kidogo cha kutisha. Nikahesabu kwa hadubini, ikawa vilevile. Nikafungua faili lake. Karatasi ya alipokuwa na miezi miwili nayo ilisema kawaida, na saini ya chini ilikuwa yangu.

Nikaziweka karatasi mbili kando kwa kando. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika kwenye zote mbili: si kawaida kwa umri huu.

Mkuu wa maabara wa pale, kijana aliyenizidi kwa shahada, aliniita ofisini.

"Bi Editha, matokeo hayaandikwi kwa mkono. Toa karatasi safi."

"Karatasi safi ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Unataka tuonekane tumekosea?"

"Tumekosea. Mie wa kwanza."

Hakupandisha sauti. Aliniandikia barua ya onyo. Nikaisaini, kisha nikapeleka karatasi yangu mwenyewe kwa Daktari wa Watoto.

Yeye ndiye aliyenifundisha nisichofundishwa chuoni. Limfosaiti ziitwazo seli T ni askari wa mwili, na kila askari ana kipokezi cha kumtambulia adui. Vipokezi hivyo hatuvirithi vikiwa kamili. Tunarithi vipande vya jeni, na kila seli inapokomaa hukata vipande na kuviunga kwa namna yake, kama fundi cherehani anavyounga mabaki ya vitenge akapata shuka lisilo na mwenzake. Kipokezi kikitambua mwili wenyewe kuwa adui, na seli isiondolewe mapema, ndipo yanakuja magonjwa ya mwili kujishambulia, kama kisukari cha watoto. Na mtoto akizaliwa bila mkasi wa kukatia vipande hivyo, hakuna kipokezi, na seli hufa; hata vijidudu hai vilivyodhoofishwa vya chanjo ya kifua kikuu humshinda. Mtu asiwaambie haya ni mambo ya Ulaya. Mlangoni kwangu yalikuwa yamekaa kwenye kiti cha plastiki, yanalia.

Damu ilipelekwa nje ya nchi. Hamisi alifariki kabla ya jibu kurudi. Miezi mitatu tuliyoipoteza, kuanzia kwenye saini yangu, ilikuwa ya kumtafutia mtu wa kumpa uboho, ute wa ndani ya mifupa unaozalisha chembe mpya za damu. Nilisikia uchungu ule, na bado nausikia.

Jibu lilipokuja, daktari aliwaita wazazi wote wawili, akataka na mie niwepo. Jeni ya mkasi ilikuwa mbovu.

"Kwa hiyo kaitoa kwa mama yake," Bakari akasema.

"Nakala moja mbovu kwa mama, nyingine kwako," daktari akajibu. "Ingekuwa moja tu, mtoto angekuwa mzima."

Somoe hakulia. "Umesikia. Sasa kamwambie mama yako, kwa mdomo huohuo."

Siku ya kuniaga nilipostaafu walinipa saa ya ukutani, wakanisifu kwa utii. Niliwaambia wakaisome ile barua kwenye faili langu. Onyo lile sijalijutia, ninachojutia ni saini.

Nilikuwa nimeshazoea kukaa nyumbani Madale Somoe alipojifungua tena, Bakari akiwa amerudi kwa masharti ya mkewe. Alinipigia simu kutoka wodini, hospitali ileile.

"Mama, wamekuja na chanjo. Nimekataa mpaka damu ihesabiwe. Wananiita mkaidi."

"Waache waite. Nakuja."

Mkuu wa maabara alikuwa yuleyule. Hakuniomba radhi, wala mie sikumwomba. Alinivutia kiti mbele ya hadubini, akashika kalamu.

"Umri?" akauliza yeye, kabla sijagusa kioo.

"Siku mbili," nikasema.

Limfosaiti zilikuwepo, tele. Daktari hakuridhika mpaka jibu la jeni liliporudi salama, ndipo mtoto akachanjwa. Juzi Somoe alimleta kwangu. Nilimpandisha mkono wa gauni hata kabla ya kumkaribisha mama yake ndani. Kovu lipo begani, dogo, limekauka.