Klorini Langoni kwa Dani

Juma hili nyumba yangu hapa mtaa wa Manyatta inanuka klorini. Ni harufu inayoingia puani na kukaa nyuma ya koo, na hata chai ya tangawizi haiiondoi. Nimeweka beseni la kunawia mlangoni na gunia lililolowa kwenye kizingiti, na majirani wanapita wakinitazama kwa jicho la huyu naye amepatwa na nini. Nikiivuta harufu hiyo, wenzangu, siko Manyatta tena. Niko kwa Dani, chini ya Kisian upande wa ziwa, mwanafunzi wa darasa la tano, na nimesimama langoni nikiwaamuru watu wazima wakanyage gunia.

Dani ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Yeye na Babu walikuwa na mbwa mzee aitwaye Bosco, wa rangi ya matope makavu, sikio moja limekatika ncha. Babu alikuwa mvuvi, na Bosco alijihesabu mvuvi pia. Boti ilipokuwa ikisukumwa majini alikuwa wa kwanza kuingia, akakaa mbele kabisa, na ukimtoa alilia mpaka watu wakakuona wewe ndiye mbaya. Alinuka omena, dagaa wa ziwani, Jumatatu hadi Jumapili. Uzeeni macho yalimfifia na miguu ya nyuma ikakauka, Babu akawa anambeba mikononi kumpandisha. "Hii ni karani yangu," aliwaambia waliomcheka. "Bila yeye nitahesabu samaki na nani?"

Mwaka ule Babu alilazwa hospitalini mjini kwa ugonjwa wa kifua. Aliporudi alikuwa amekonda lakini anacheka, na boma likajaa watu waliokuja kumjulia hali. Nakumbuka vizuri kwa sababu ni mimi niliyebeba chai, vikombe kwa vikombe, hadi mikono ikauma. Haikupita muda mrefu, Babu akafariki. Sisi watoto tuliambiwa kifua kimerudi, basi.

Msimu huohuo mbwa wa kijiji walikuwa wakifa. Walianza kutokwa na makamasi na tongotongo, wakakohoa kama watu, kisha taya zikawatetemeka kana kwamba wanatafuna kitu ambacho hakipo. Daktari wa mifugo alikuwa amekuja na pikipiki kumtazama ng'ombe wa jirani, na Dani akanituma nimkimbilie. Bosco hakuwa amewahi kuchanjwa. Daktari alimdunga sindano, akafunga mkoba wake, akatoa maonyo.

"Mama, huyu ni mzee. Chanjo itachukua muda kushika kwa mwili yake. Mbwa ingine isimkaribie, na mtu ameshika mbwa mgonjwa asimguse. Hata viatu zinaweza kubeba hiyo ugonjwa."

"Mpaka lini?" Dani akauliza.

"Mpaka nirudi nimwangalie tena."

"Na watu wakiwa wengi?"

Daktari aligeuka akatazama uani, ambapo vijana walikuwa wakisimamisha hema la matanga ya Babu. "Wakiwa wengi, Mama, funga mlango."

Kama hujawahi kuhudhuria matanga ya kwetu, nikueleze. Watu wanakuja na mbwa wanawafuata, kwa kuwa fahali atachinjwa na hakuna mbwa mwenye akili atakayebaki nyumbani. Dani alikuwa mjane mpya, hakutakiwa kuzurura. Alikaa ndani kwenye mkeka, akiinuka tu kuchungulia dirishani. Miguu yake nikawa mimi. Bosco tulimfungia ndani ya stoo ya nyavu, nyuma ya nyumba, na kwenye lango la boma Dani akaniambia niweke gunia na beseni. Klorini aliitoa mwenyewe chini ya kitanda chake, chupa kubwa iliyokwisha kufunguliwa. Sikujiuliza ilitoka wapi. Sahani ya Bosco ilikuwa yake peke yake, na nani wa kumlisha? Mimi tu, mikono imenawa hadi vidole vimekunjamana.

Nami, acha niseme ukweli, nilifurahia mno. Nilikuwa kiranja shuleni na kazi ile ilinifaa. Pasta alikanyaga gunia. Shangazi aliyetoka Nairobi na viatu vya ngozi alikanyaga gunia huku akiniambia nitaolewa na nani mimi na ukali huu. Mbwa nikawatimua kwa fimbo. Neno likaenea kwamba kwa marehemu kuna kipindupindu, na watu kadhaa wakakataa hata maji ya kunywa. Wengine walinong'ona kwamba huyu mama analilia mbwa kuliko mume. Mnong'ono huo ulimfikia Dani mkekani.

Shida yenyewe ilikuja asubuhi ya tero buru. Hiyo ni ile desturi ya kufukuza kifo: wanaume wanaswaga ng'ombe hadi mpakani, matawi mikononi, filimbi na kelele, na mbwa wote wanakimbia pamoja nao. Mzee Odera, mdogo wake Babu, aliingia kwa Dani akiwa na mkuki na kofia ya manyoya iliyomshinda kichwa. Alimwita kwa heshima, kwa jina la alikozaliwa.

"Nyar Asembo, nimekuja kuchukua mbwa ya mzee."

"Hatoki."

"Mzee atasindikizwa na mbwa ya kila mtu isipokuwa yake? Watu watasema nini?"

Dani aliinua uso. Nilikuwa mlangoni na beseni langu, na sijausahau uso ule. "Odera, watu walisema yao juzi, na mimi nikawasikiliza. Ona mahali niko leo."

Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba Mzee Odera, mtu wa maneno mengi kuliko redio, aliketi chini na kuvua ile kofia. Alikaa akiigeuzageuza mapajani. Nilikuwa na hofu ya kweli, maana nje niliwasikia mbwa wa watu wakikohoa na kupigana, na nilijua kwamba wakimchukua Bosco, basi tumezika wawili. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo, "Sasa aende namna gani na asiende?"

Dani alifikiri. "Huyo mbwa hajawahi kutembea na mzee kwa barabara," akasema. "Walikuwa wanaenda kwa maji. Apelekwe kwa maji."

Ndivyo tulivyofanya. Ouma, kijana aliyekuwa akivua na Babu, alimbeba Bosco kupitia njia ya nyuma, mimi nikitangulia na fimbo. Tukaingia kwenye boti ya Babu na kufuata ufuo, tukiwaacha ng'ombe na watu wapite nchi kavu sambamba nasi, magugu maji yakiwa katikati. Vumbi lilipanda, filimbi zikalia, Mzee Odera mbele akirukaruka na mkuki. Bosco alisimama mahali pake, miguu ikimtetemeka, akabweka. Sijui macho yake yaliona nini, lakini alibweka kuelekea kelele zile kwa nguvu zake zote, na watu wa ufuoni walipomsikia wakapiga mayowe ya kumjibu. Hata waliokuwa wakinong'ona walinyoosha matawi yao juu.

Mbwa mmoja aliyekonda, makamasi yakimning'inia, akaingia majini na kuanza kuogelea kuja kwetu. Nilipiga kelele. Ouma akayapiga maji kwa kasia, mara ya kwanza, mara ya pili, na yule mbwa akanasa kwenye magugu, akahangaika, akageuka. Nilimkumbatia Bosco shingoni nikihisi moyo wake unavyodunda. Kisha akaacha kubweka. Aligeuza kichwa nyuma, kule Babu alikozoea kukaa, akanusa hewa kwa muda mrefu. Aliyekuwa pale ni Ouma. Bosco akajilaza sakafuni mwa boti, juu ya miguu yangu. Nilikuwa sijalia tangu msiba uanze, na pale nililia hadi tukarudi nyumbani.

Mbwa wengi wa kijiji waliisha, wakiwemo wa Mzee Odera mwenyewe. Bosco alibaki. Daktari alirudi, akamtazama meno na macho, akasema afunguliwe. Alilala kwenye mlango wa Dani miaka mingine kadhaa, na Mzee Odera alizoea kuja jioni kukaa nao, akinawa mikono kabla hata hajaambiwa. Mimi nilikua nikiamini kwamba Dani alikuwa mtu wa kupenda mbwa tu.

Juzi Mama yangu ametoka hospitalini na nimemleta kwangu. Daktari amesema wageni wachache, na mwenye kikohozi asiingie kabisa. Nilipokuwa nikichanganya klorini Mama aliisikia harufu kutoka kitandani.

"Hiyo ndiyo dawa daktari aliambia Dani aweke, Babu alipotoka hospitali," akasema.

Nikaacha kukoroga. Akanieleza taratibu. Dani aliinunua na kuiweka langoni, watu wakakasirika kwamba anawazuia kumwona mzee wao, na Odera ndiye aliyemwambia anaaibisha boma. Dani akamwaga iliyokuwa kwenye beseni, akaficha chupa, akafungua lango. Mtu akaja na kikohozi chake, akaketi karibu na Babu, akamshika mkono kutwa nzima kwa mapenzi. Chupa ile ya chini ya kitanda ilikuwa ya Babu.

Leo asubuhi shangazi yangu wa Kondele amebisha hodi na mfuko wa machungwa, shali mdomoni, akikohoa. "Nimsalimie tu, hata sikai." Ni mtu mwema, na ndiye aliyenilipia karo. Nimetoa kiti nje, nikakiweka mbali kidogo, mkabala na dirisha la Mama, na kufungua pazia. Amenuna, lakini ameketi. Wamepiga soga kwa sauti mtaa mzima ukiwasikia, na Mama amecheka kwa mara ya kwanza tangu arudi.

Mlango nimeufunga.