Sabuni ya Mche Chini ya Tangi

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo mkunjufu na akili zangu zote, kwamba wapagazi waliofia kwenye njia ya misafara walikuwa wanakunywa dizeli ya trekta la mjomba wangu. Msinicheke mapema. Chekeni mwishoni, kama bado mtataka.

Aliyeniambia ni fundi cherehani, jirani yetu pale Chemchem, mtu ambaye hajawahi kukukabidhi suruali bila kukupa na hadithi ya kuivalia. Alisema uwanja ulio nyuma ya nyumba ya mjomba ulikuwa kituo cha wapagazi waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji, na kwamba wengi walikata roho hapo kwa kiu. Mtu aliyekufa kwa kiu, alisema, huko aliko hachagui kinywaji. Na Ijumaa ndiyo siku yao ya kutoka. Nikaamini. Wakati huo nilikuwa nasoma shule ya jioni, nimebakiza mwaka mmoja nifanye mtihani wa kidato cha nne, elimu imenijaa mpaka inatokea masikioni. Lakini pembeni kidogo palibaki nafasi ya wapagazi, wakaingia wote na mizigo yao.

Trekta lenyewe lilikuwa kuukuu kiasi kwamba nadhani Nuhu alilikataa kwenye safina. Ukiliwasha Chemchem, watu wa mtaa wa Isevya walianza kuomba toba. Msimu wa mvua lililima mashamba ya watu, mahindi na tumbaku, katika vijiji vilivyo kando ya njia ya kwenda Ujiji, na nyumba mbili zilikula kwa mgongo wake: ya mjomba na ya dereva.

Dereva alikuwa mzee wa Kisukuma kutoka pande za Igunga, mpole, mwenye viganja kama makoleo. Alilisemesha trekta kwa Kisukuma, kama watu wa kwao wanavyosemesha ng'ombe wa jembe, na lilimsikia. Alikuwa analala kwenye chumba kidogo cha uwanjani, mlango ukitazamana na gurudumu la nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nalitengeneza. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo mzee, naye akajibu, "Marahaba, fundi," na neno hilo fundi lilinivimbisha kichwa mpaka kofia ikagoma kuingia.

Mvua za kwanza zilipoanguka, tangi likapata ufa. Ulikuwa chini kabisa, pale koki inapoingia, mwembamba kama unywele, dizeli ikidondoka tone baada ya tone. Kuuchomelea kulitaka tangi lishushwe, lioshwe, likauke, ndipo lipelekwe kwa mchomeleaji. Siku nne hivi. Mjomba hakutaka kusikia habari ya siku nne wakati wenye mashamba wamepanga foleni. Basi nikafanya afanyavyo kila fundi wa kwetu akibanwa. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakilainisha kwa mate na kidole gumba mpaka kikawa kama ugali, nikakisukuma ndani ya ufa. Dizeli haiiwezi sabuni. Nikafuta, nikangoja. Hata tone.

Mjomba aliuliza kama limepona. Nikamwambia limepona mpaka siku ya Kiyama. Sabuni sikuitaja. Mtu anayejiandaa kwa mtihani wa kemia haoni raha kusema kwamba ametibu tangi kwa mate na sabuni ya kufulia. Dereva alikuwepo, ameegemea tela, alikuwa ameniona nikifanya kazi. Akaendelea kunusa tumbaku yake.

Sasa, siku za Ijumaa trekta halikwenda shamba. Mjomba alitaka watu wanaopita kwenda msikitini waone linang'aa, kwa hiyo asubuhi nzima nililiosha. Na mimi sikujua kuosha nusunusu. Nilimwaga ndoo ishirini, wengine wangesema nane, nikalala chali kwenye matope nikasugua kwa brashi ya katani, sehemu ambazo hata waliolitengeneza walikuwa wamezisahau. Nikimaliza, kuku walijiona kwenye mabati ya trekta wakagombana na vivuli vyao.

Alhamisi jioni, dereva akirudi, mjomba alipima tangi kwa ufito wake wenye alama za kisu. Jumamosi asubuhi akapima tena. Wiki ya kwanza alama mbili zilikuwa zimepungua. Wiki ya pili, mbili na nusu. Mjomba akaanza kumtazama dereva kwa jicho la pembeni.

Je, nilikagua? Nilikagua. Kila Jumamosi jioni niliinama chini ya tangi, na sabuni yangu ilikuwa mahali pake, imekaa vizuri kuliko hata nilivyoiweka. Ardhi ilikuwa imelowa, kweli, lakini si nimeimwagia maji mwenyewe? Na uwanja ule ulinuka dizeli tangu mimi sijazaliwa. Ikabaki sababu moja tu yenye akili, nayo ni wapagazi. Nikaenda kwa fundi cherehani kuuliza dawa yake. Akaniambia nimwage kikombe cha maji penye gurudumu kila Ijumaa. Nikamwambia namwaga ndoo ishirini. Akasema basi hao wana kiu ya kupindukia.

Jumamosi ya tatu mjomba hakungoja. Alama tatu zilikuwa hazipo. Akamwita dereva katikati ya uwanja, majirani wakiwa wameshatia shingo zao juu ya ua, akamwambia atoe vilivyomo mifukoni. Mzee akatoa kitambaa, tumbaku ya kunusa, na kipande cha sabuni ya mche kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Mjomba akakiinua kile kipande watu wote wakione.

"Tazameni mwizi msafi," akasema. "Anaiba dizeli, kisha ananawa harufu."

Watu wakaguna. Nasema ukweli kwa sababu umri umenichosha kusema vinginevyo: hata mimi kwa dakika moja nilidhani hivyohivyo. Mzee alinigeukia mimi, akanitazama kwa muda ambao mtu angeweza kulima ekari moja na kurudi. Nikaona ananiomba nimtetee. Nikajitokeza mbele, kifua wazi, msomi wa familia.

"Mjomba, si yeye," nikasema. "Ni wapagazi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Fundi cherehani, aliyenipa habari hizo kwa kiapo, ndiye aliyecheka mpaka akashika ua. Mjomba alimgeukia dereva akamwambia, "Umesikia, mzee? Wakili wako ameleta mashahidi wafu."

Mzee akachomoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya madigadi ya gurudumu, taratibu, kama anayemlaza mtoto. Akaingia chumbani akatoka na blanketi lake na sufuria. Hakuna aliyemuaga. Mimi nilidhani nimemsaidia sana, basi nikamwita kwa nyuma nimsindikize, hakugeuka.

Mjomba hakupata dereva mwingine aliyeliweza lile trekta. Kabla wiki haijaisha akaliuza kwa mtu wa Nzega, likaondoka na ufa wake. Lakini jina la mwizi wa dizeli alilopewa mzee halikuondoka. Mjini kwetu jina la namna hiyo linamtangulia mtu, akifika mahali linakuwa limeshapewa kiti. Hakuna aliyempa tena usukani, si wa trekta, si wa lori, si wa bajaji.

Mimi nilifaulu mtihani. Swali la sabuni nililijibu vizuri mno, nadhani msahihishaji alitokwa na machozi. Na hadithi ya wapagazi nikaisimulia kwenye harusi na kwenye matanga, kila mwaka nikiwaongeza, mpaka wakafika mia mbili na bado wanadai nyongeza.

Mwaka jana baiskeli yangu ilipata pancha Isevya. Nikaikokota hadi kwa mziba pancha wa kando ya barabara, na kabla hajainua uso nilivitambua vile viganja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Fundi hakuniita. Nikaona nimchangamshe, kama kawaida yangu. Nikamuuliza kama wale wapagazi wetu bado wana kiu.

Alikuwa ameuzamisha mpira kwenye karai la maji, anatafuta mapovu. Akaendelea kuuzungusha mpaka akaliona tundu, akalibana kwa kidole. Ndipo aliponitazama, na jicho lilikuwa lilelile la siku ile.

"Hakukuwa na wapagazi," akasema. "Sabuni haiyeyuki kwa dizeli, inayeyuka kwa maji. Wewe ulikuwa unaiosha kila Ijumaa, tangi linavuja mpaka asubuhi. Mimi nikilikuta linavuja shambani Jumamosi, naziba upya kwa sabuni yangu. Siku ile nilikutazama ili useme."