Kichwa cha Maji

Mwaka huu mvua za vuli zilichelewa, na mto wetu hapa Mlali ukakatika. Watu wa huku hawasemi umekauka. Juu, kuelekea Mgeta, maji yalikuwa bado yanapita kati ya mawe, lakini yakifika tambarare mchanga uliyanywa yote, na kwetu ulibaki mkanda mweupe wenye nyayo za mbuzi.

Nilikuwa nakaa kwa mama mkubwa tangu nimalize chuo. Nilikuja kwa mapumziko mafupi, nikakaa mpaka majirani wakaacha kuniuliza ninarudi lini mjini. Asubuhi nilituma maombi ya kazi kwa simu, kisha nikayasoma upya baada ya kuyatuma, nikigundua makosa ambayo pengine hayakuwepo. Jioni niliongozana naye shambani kwenye nyanya.

Nyanya hizo ndizo zilizokuwa mwaka wake. Mahindi ya masika yaliliwa na viwavi, akavuna magunzi matupu, akasema basi, tutaishi kwa nyanya. Zilikuwa zimeshika matunda madogo kama gololi. Lakini shamba lake ni la mwisho kabisa, mkiani mwa mfereji, na maji yakipungua mkia ndio unaoumia kwanza. Mchana majani yalijikunja kama viganja vya mzee, na maua ya juu yalishaanza kupukutika. Mama mkubwa alikuwa akipita kwenye matuta akiyaokota maua yale na kuyatia mfukoni. Sikumuuliza kwa nini. Nadhani hakutaka kuyaona chini.

Maji ya mfereji wetu hukingwa na banio, yaani ukuta wa viroba vya mchanga, fito na vigogo vya migomba, uliolazwa mtoni kuyageuza yaingie mferejini. Mto ulipokatika, nyuma ya banio lilibaki dimbwi linalochuruzika polepole kutoka chini ya mchanga. Tuligawana dimbwi hilo kwa zamu. Siku ninayoisimulia, zamu ya mama mkubwa ilikuwa inafuata, asubuhi ya kesho yake.

Sasa hapa kuna jambo ambalo halimwingii mgeni akilini haraka, na mimi mwenyewe nililielewa polepole. Mvua ikinyesha mlimani baada ya ukame, maji ya kwanza hayakingwi. Yanakuja na magogo, majivu ya mashamba yaliyochomwa, mianzi, kila kitu kilicholala mtoni kiangazi kizima. Watu wanayaita kichwa cha maji, na kichwa hupewa njia. Ukikizuia, kinaondoka na banio pamoja na mdomo wa mfereji, na kuujenga upya ni kazi ya watu wengi na siku nyingi. Kwa hiyo banio lazima lifunguliwe kabla hakijafika. Lakini ukilifungua, dimbwi lote linamwagika mchangani. Ukifungua na maji yasije, umepoteza hata kile kidogo ulichokuwa nacho.

Ndiyo maana huwekwa mlinzi, juu kidogo, kwenye mwamba ulio kwenye kona ya mto. Yeye ndiye anayesema fungueni.

Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo mlinzi alikuwa jirani yetu, Mzigua wa Turiani aliyeoa huku, mtani wa kijiji kizima. Alisikia upepo kwenye mianzi, akapiga kelele. Banio likafunguliwa, dimbwi likaenda, na kilichokuja ni vumbi. Tangu hapo, pikipiki ikinguruma barabarani, lazima mtu amwulize, "Mtani, maji hayo?"

Siku hiyo yenyewe, mchana, simu ilitoka juu mlimani kwamba mvua kubwa inanyesha. Sisi tulikuwa kwenye jua kali, lakini milima ilikuwa imefunikwa na weusi mpaka kiunoni. Watu walikusanyika banioni na majembe. Mzee aliyeshika ulinzi tangu siku ile ya upepo alikuwa amepelekwa Morogoro hospitali kwa ajili ya macho. Mwenyekiti wa mfereji, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya kengele, alituangalia mmoja mmoja, akaishia kwangu.

"Huyu hana jembe, ana simu. Aende yeye."

"Msimpeleke huyo," mtani akasema. "Msomi huyo. Ataliona gogo, ataanza kulifanyia utafiti, mpaka limpite."

"Na wewe uliyetufungulia banio kwa ajili ya upepo," mama mkubwa akamjibu, "bado una mdomo?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia. Mama mkubwa alinisindikiza hatua chache, akanifunga kanga yake kichwani kwa sababu ya jua.

"Ukiyaona, piga. Usipoyaona, usipige. Basi, mwanangu."

Kwake ilikuwa rahisi hivyo.

Nilikaa juu ya mwamba nikaangalia mchanga. Mwanzoni nilikuwa makini, kisha umakini wangu ukaanza kunila. Ndege fundichuma alipita akiruka kuelekea chini. Je, amekimbia maji, au ameshiba? Nikasikia harufu ya udongo mbichi. Inatoka mtoni, au upepo umeileta kutoka mlimani, kwenye mvua yenyewe? Kila dalili niliipatia maelezo mawili, na yote mawili yalikuwa na akili. Niliandika ujumbe wa simu, "Yanakuja," nikaufuta. Nikaandika, "Nadhani yanakuja," nikaona huo ni mbaya zaidi. Ni nani atakayefungua banio kwa ajili ya nadhani?

Akilini nilimwona mama mkubwa kesho asubuhi, jembe begani, akifika kwenye dimbwi lisilokuwepo. Halafu nikamwona akifika mahali pasipo na banio. Nilikuwa naenda na kurudi kati ya picha hizo mbili kama mtu aliyefungiwa chumba chenye milango miwili.

Kisha nikasikia mngurumo, kama lori linalomwaga kokoto. Tatizo ni kwamba malori ya kokoto yapo kweli, hupita barabara ya juu kila siku. Nikasimama. Mngurumo ukakatika, ukaanza tena. Huko juu mtandao wa simu unashika pale mwambani tu, ukitoka hapo unapotea, na mwenyekiti alikuwa ameniambia nisiondoke. Niliondoka. Nilipanda ukingoni, nikafuata mto kwenda juu, nikipenya kwenye matete, nikijiambia kwamba nitafika pale kwenye mti ule tu, kisha mti ule mwingine.

Ndipo nikayaona.

Nilitegemea ukuta wa maji. Kumbe kichwa cha maji kilikuwa kinakuja kama mtu anayetandika mkeka, bila haraka, kikifunua na kulaza. Kilikuwa cha rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake ulikwenda ukingo wa povu, majani makavu, vipande vya mianzi na kandambili moja ya bluu. Vyote hivyo viligongana na kusagana, na huo ndio uliokuwa mngurumo wangu. Mchanga uliyanywa maji kwa sauti, ukitoa mapovu. Nyenje na siafu walikimbia mbele yake, na yangeyange wawili weupe walitembea sambamba nacho wakiwadonoa, kwa heshima fulani, kama wageni waalikwa.

Nilitembea nacho. Mwendo wake ulikuwa wa mtu mzima anayetoka sokoni. Kilifika kwenye jiwe, kikagawanyika, kikaungana. Kilifika kwenye shimo kubwa lililoachwa na wachimba mchanga, kikateremka ndani yake, kikatulia.

Nikangoja. Majani yalizunguka shimoni polepole. Povu likaanza kukauka pembeni. Nikafikiri, basi, yamekufa hapa. Mvua yote ile ya mlimani imeishia kwenye shimo la mchanga. Nikashukuru kwamba sikupiga simu, na papo hapo nikajisikia vibaya kushukuru.

Halafu shimo likatetemeka. Kutoka kwenye kona ya juu ukaja msukumo wa pili, mnene kuliko wa kwanza, umebeba mgomba mzima na mizizi yake. Shimo likajaa mpaka mdomoni, likafurika. Maji yaliyotoka upande wa pili hayakutandika mkeka tena. Yalikimbia.

Nami nikakimbia. Matete yalinichana mikono, kandambili yangu ikabaki kwenye tope, nikaiacha. Nilifika mwambani nikihema, nikapiga.

"Yapo," nikamwambia mama mkubwa. "Yapo, nimeyaona."

"Yanafika huku?"

Swali hilo ndilo nililoliogopa. Kati ya mwamba na banio kuna mchanga mrefu, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi mchanga unavyokunywa. Nilitaka sana kumpa uhakika. Sikuwa nao.

"Sijui, mama mkubwa. Yalisimama kwenye shimo, nikadhani yamekwisha. Sasa yamelijaza, yanakuja kwa nguvu. Nyuma yake kuna mengine yenye mgomba. Huko mbele sijui."

Nilisikia watu nyuma yake wakiuliza, kasemaje, kasemaje.

"Unayaona mpaka sasa hivi?"

Kichwa cha maji kilikuwa kimefika chini ya mwamba. "Yapo chini ya miguu yangu."

"Bismillah," akasema, si kwangu. "Fungueni!"

Nilikata njia kupitia mashamba ili nifike kabla ya maji. Nilipofika, viroba vya katikati vilikuwa vimeshatolewa, na dimbwi lilikuwa linaondoka. Lilikwenda kimya kimya, likiacha tope linalong'aa na vyura walioduwaa. Watu wote walikuwa wamepanda ukingoni. Tuliangalia juu mtoni, kwenye mchanga mkavu, na mchanga ukatuangalia.

Muda ukapita. Mama mkubwa alikuwa ameingiza mkono kwenye mfuko wa gauni lake, mfuko ule wa maua.

Mtani akanisogelea. "Dada, karibu chamani," akaninong'oneza. "Mimi ni mwenyekiti. Wewe utakuwa katibu, maana unajua kuandika."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilianza kutunga jinsi nitakavyoomba radhi, kwa nani kwanza, kwa maneno gani. Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya pili wakati mwenyekiti wa kweli aliponyoosha jembe lake.

Kwanza walikuja wale yangeyange wawili. Kisha majani, kisha povu, kisha kichwa chenyewe kilichopinda kona kikiwa kipana, kimejaza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Kilipita penye pengo la banio kikiwa na mianzi na mgomba wake, kikagusa viroba vya pembeni, vikatikisika, vikabaki. Wanawake wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeshuka kuchota wala kunawa. Tulikipa njia, tukakitazama kikienda chini kwenye mchanga wa watu wengine, na nilijikuta nikiwafikiria watu hao, kama nao wana mtu juu ya mwamba.

"Mtani," mama mkubwa akasema, "chama chako kimebaki na mtu mmoja."

"Sijali," mtani akajibu, akivua shati. "Nimekizoea."

Takataka zilipopungua na maji yakawa mazito lakini safi kidogo, wanaume na wanawake waliingia mtoni wakarudisha viroba kimoja kimoja, wakipokezana. Nami niliingia. Maji yalikuwa ya baridi ya mlimani, yakinisukuma magoti. Mtu mmoja mwenye shamba la juu akasema ni haki maji yaanzie kwake, kwani yupo karibu. Mwenyekiti hakubishana naye.

"Maji mapya huanzia mkiani," akasema. "Aliyengoja mbali anakunywa kwanza. Ulizaliwa wapi wewe?"

Basi tulitangulia mbele ya maji, mimi na mama mkubwa, tukiutembea mfereji na majembe, tukiondoa majani yasizibe njia. Yalitufuata nyuma, tukiyasikia. Mara mbili niligeuka kuhakikisha yapo. Mara ya tatu akaniambia, "Acha kuyachungulia, yataona haya." Jua lilikuwa limeshuka begani mwa mlima, na mlima ulikuwa umeoshwa, wa kijani kibichi.

Alikata ukingo wa mfereji kwa jembe. Maji yakaingia tuta la kwanza, yakasita, yakajaza nyufa, yakasonga kwenye shina la kwanza la nyanya, kisha la pili. Udongo ulitoa sauti ndogo kama ya mtu anayemeza. Mama mkubwa alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye tuta kama anayepima homa ya mtoto.

Maua yaliyokwisha kuanguka hayarudi, najua. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani ni mashina mangapi yamechelewa mno, na kama mvua ya mlimani ya siku moja inatosha, na itakuwaje isiponyesha tena. Yeye alikuwa tayari amehamia tuta la pili.

"Mwanangu," akaita, bila kugeuka, "pale kwenye kona yanavuja. Simama hapo."

Nikasimama kwenye kona, nikaziba kwa tope na miguu yangu, na maji yakaendelea kwenda mbele.