Ndege Iliyosuguliwa kwa Majivu

Mwanangu alikuwa fundi wa ndege. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu ndilo ninalopenda kulisema. Mimi nimelima nyanya hapa Katelembo maisha yangu yote, na shule niliiachia darasa la saba, lakini kijana niliyemzaa alikuwa akifungua injini za ndege kule Nairobi, anazifunga, nazo zinaruka.

Chumbani kwake hapa nyumbani alikuwa na ndege moja ndogo ya chuma, mfano wa ndege ya kivita ya wakati wa vita vya pili vya dunia. Alinieleza kwamba kuna watu wanaozikusanya. Hii ilikuwa imepunguzwa mara sabini na mbili, ikaenea kiganjani, lakini ilikuwa nzito kama kufuli. Walioitengeneza waliipaka rangi ionekane imetoka vitani: masizi nyuma ya mabomba ya moshi, na juu ya bawa rangi imebanduka pale rubani anapokanyaga akipanda.

"Baba, uzuri wake uko hapo," aliniambia. "Aliyechora hii amewahi kuangalia ndege ikirudi kutoka kazini."

Alipolazwa hospitalini aliniomba jambo moja tu. Ile ndege apewe rafiki yake wa kazini, ambaye ana kabati zima la ndege kama hizo. Nikamwahidi. Hakuniomba kingine tena.

Alipofariki, kina mama wa kanisa walikuja kukaa nasi matangani, na siku moja kabla ya mazishi wakasafisha nyumba. Huku kwetu haifai wageni wa mazishi wakute vumbi kwa mfiwa. Sufuria zilisuguliwa kwa majivu mpaka ukajiona ndani yake. Nilipoingia chumbani kwa mwanangu, ile ndege ilikuwa dirishani, rangi yote imetoka, inang'aa kama kijiko.

"Ilikuwa na masizi mabaya, mzee," kiongozi wao akaniambia. "Hiyo nimeisugua mwenyewe. Mkono umeniuma!"

Nikamwambia asante, na nilimaanisha. Alikuwa ameacha shamba lake wiki nzima kwa ajili yetu. Lakini ahadi yangu ilikuwa juu ya ndege nyingine kabisa.

Yule rafiki yake alikuja Jumapili iliyofuata mazishi. Ningeweza kumwambia imepotea. Nikamweleza yote kama yalivyotokea, nikamkabidhi. Aliigeuza juu chini, nami nikatazama viatu vyangu.

"Mzee, yeye angecheka mpaka aanguke," akasema mwishowe.

"Unaweza kuirudishia masizi yake?"

"Naweza. Niko na rangi." Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Lakini sitafanya hivyo. Zote nilizo nazo zimetoka vitani. Hii imetoka kwa fundi. Mwanao hakuwa anakubali ndege itoke karakana ikiwa na hata doa la mafuta. Anapangusa, anarudi, anapangusa tena. Tulikuwa tunamwita mama mkwe, vile alikuwa anakagua kazi ya watu."

Hilo sikuwa nalijua. Nilijua alikuwa fundi, lakini mzazi hawezi kuingia karakana akaona mtoto wake anavyoshika kitambaa. Nikamwomba aniambie tena, naye akaniambia tena, mpaka na jina lile la utani. Kisha akaifunga ndege katika leso yake, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akaenda.

Yule kiongozi wa kina mama alikuwa nje akimsaidia mke wangu kuosha vikombe.

"Ameipenda?" akaniuliza.

"Ameipenda sana. Lakini mwaitu, mama yangu, sitakuficha. Yale masizi yalikuwa yamechorwa makusudi."

Akasimama na kikombe mkononi. "Makusudi? Mtu mzima anakaa chini anachora uchafu? Kwani huyo hana mama?"

Mke wangu akainamia karai, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikawasimulia jinsi mtoto wetu alivyokuwa akipangusa ndege kule kazini. Mama yule akaweka kikombe chini, akawageukia wenzake waliokuwa jikoni.

"Njooni msikie!" akaita. "Hata ndege alikuwa anaosha!"

Wakatoka wakijifuta mikono, nami nikaanza kusimulia upya, kwa sauti, ili hata aliyesimama nyuma asikie.